Rafiki Kutoka CCM: Hesabu ya Mikumi Tangu Richmond

Ukitoka Mikumi mjini kushika barabara ya Ifakara, unaipita Kidodi kabla ya kuvuka Ruaha Mkuu na kuingia Kidatu. Ni nchi ya miwa, na msimu wa mavuno matrekta yenye matela ndiyo yanayoamua mwendo wa gari lako. Oktoba 25, 2015 wapiga kura wa kata ya Kidodi walipewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Kwenye ya ubunge, Chadema ilimsimamisha Joseph Haule, yaani Profesa Jay, yule aliyeimba "Ndio Mzee" kumdhihaki mwanasiasa anayeahidi kila kitu. Kwenye ya urais, chama hichohicho kilikuwa na Edward Lowassa. Haule alishinda jimbo la Mikumi. Lowassa alipata kura milioni 6 na ushei nchi nzima, asilimia 39.97, akashindwa na John Magufuli.

Kisa cha Lowassa kinaanzia jirani tu na Kidodi. Ukame ulishusha maji ya mabwawa ya Mtera na Kidatu, umeme ukawa wa mgawo, na mwaka 2006 ukaja mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond. Mitambo ilichelewa. Kamati Teule ya Bunge chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ikachunguza, na Februari 7, 2008 Lowassa akajiuzulu uwaziri mkuu, huku akikana kosa. Miezi michache kabla, Septemba 2007, Dk. Willibrod Slaa wa Chadema alikuwa amesimama viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, akawasoma viongozi aliowatuhumu kwa ufisadi. Lowassa alikuwamo.

Sakata la Richmond ndilo lililowapa wapinzani rafiki wao wa kwanza mkubwa ndani ya CCM: Spika Samuel Sitta, mzee wa kasi na viwango. Aliuacha mjadala ule uende mpaka mwisho, na 2010 chama chake hakikumrudisha kwenye kiti. Wengi wakahitimisha kwamba huyu ni CCM mwenye nafuu. Walisahau haraka, maana ni Bunge la Sitta huyohuyo lililomsimamisha Zitto Kabwe Agosti 2007 kwa hoja yake ya mgodi wa Buzwagi.

Machi 2014 Sitta alichaguliwa Mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba kwa kura nyingi, za wapinzani zikiwemo. Rasimu ya Tume ya Jaji Joseph Warioba ilikuwa mezani, nayo ilitaka serikali tatu. CCM ilitaka mbili. Aprili 16 wapinzani waliojiita Ukawa wakatoka nje. Sitta hakuwasubiri. Aliendelea na waliobaki, na Oktoba 2 Bunge likapitisha Katiba Inayopendekezwa, serikali tatu zikiwa zimekwisha kuondolewa. Kwangu mimi huo haukuwa usaliti. Kwenye Richmond, Sitta alipigania heshima ya Bunge. Kwenye muundo wa Muungano alisimama na chama chake. Waliomwona amegeuka hawakuwahi kumuuliza.

Kosa la wapinzani la 2015 lilikuwa zito zaidi. Julai CCM ililikata jina la Lowassa kwenye mchujo wa urais Dodoma, na kabla mwezi haujaisha akapokewa Chadema. Mchawi alipewa mtoto alee. Slaa akaondoka, Profesa Ibrahim Lipumba akajiuzulu uenyekiti wa CUF, na Chadema, chama kilichojijenga kwa hoja ya ufisadi, kikafunga mdomo juu ya hoja hiyo kampeni nzima. Waliotetea uamuzi ule wana hoja: kura zile upinzani haukuwahi kuzipata, na wabunge kadhaa waliingia kwa upepo huo. Lakini Januari 2018 Lowassa alikwenda Ikulu kumsifu Magufuli, na Machi 1, 2019 akarudi CCM. Frederick Sumaye, waziri mkuu mwingine wa zamani aliyehamia Chadema, naye akarudi mwaka uliofuata.

Katikati ya hayo, wabunge wa upinzani kama Maulid Mtulia wa Kinondoni na Mwita Waitara wa Ukonga walihamia CCM kwa maelezo ya kuunga mkono juhudi za rais. Haule hakuhama. Aligombea tena kwa Chadema 2020, na jimbo likaenda kwa Dennis Londo wa CCM.

Kwa hiyo mwana CCM mwenye maneno laini aaminiwe? Kwa jambo moja lililo wazi, ndiyo, na kwa kipimo cha alicholipia. Mansour Yussuf Himid wa Zanzibar alisimamia msimamo wake juu ya Muungano. Mwaka 2013 CCM ikamvua uanachama, na uwakilishi wa Kiembesamaki ukaenda nao. Warioba, Waziri Mkuu mstaafu, alivurugiwa mdahalo wa Katiba pale Ubungo Plaza Novemba 2, 2014, vurugu zikamfikia yeye mwenyewe. Hakuna chama cha upinzani kilichompa Warioba bendera, wala yeye hakuomba. Rasimu ya tume yake ndiyo wapinzani wanayoishika mpaka leo wakidai Katiba mpya, na mzee mwenyewe hajawahi kuhama CCM.