Jasusi Nambari 009 na Asili Yake

Kusini ya mji wa Machakos ipo milima ya Kilungu. Zamani ilihesabiwa katika Wilaya ya Machakos; siku hizi imo katika Kaunti ya Makueni. Huko ndiko alikozaliwa David Maillu mwaka 1939, naye ndiye aliyemzaa, kwa kalamu yake, Benni Kamba, jasusi nambari 009. Jasusi huyo alitokea mara ya kwanza mwaka 1980 katika kitabu The Equatorial Assignment, kisha akarudi mwaka 1986 katika Operation DXT.

Huenda, ewe msomaji, utauliza: Je, huyu si kivuli tu cha James Bond, yule mwenye nambari 007? Swali lako ni la haki. Basi na tumtazame kwanza Bond mwenyewe.

Aliyemtunga, Ian Fleming, alikuwa Mwingereza aliyefanya kazi katika idara ya upelelezi ya jeshi la majini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kitabu chake cha kwanza juu ya Bond kilitoka mwaka 1953. Ukumbuke hali ya Uingereza siku zile. Bara Hindi ilikuwa imekwisha jitawala tangu mwaka 1947, na mwaka 1956 Waingereza wakaaibika katika vita vya Suez. Milki ilikuwa ikipungua. Lakini katika vitabu Mwingereza mmoja, mwenye bastola na suti nzuri, bado aliweza kuuokoa ulimwengu. Hadithi ilikuwa faraja.

Sasa mrudie Benni Kamba. Nambari yake ni ya kuazima, na kadhalika silaha zake za ajabu na wanawake wazuri wenye hila. Lakini mtu akiazima kanzu, hakuazima mwili. Bond humtumikia mfalme au malkia wa Uingereza. Kamba hutumikia idara ya siri inayolinda heshima ya Afrika nzima. Adui zake ni wageni wenye nguvu watakao kuwageuza watawala wa Afrika kuwa vikaragosi vyao.

Hofu hiyo haikutoka hewani. Patrice Lumumba wa Kongo aliuawa Januari 1961, na mwaka 1975 kamati ya Baraza la Seneti la Marekani ilifichua kwamba shirika la ujasusi la nchi hiyo, CIA, lilikuwa limepanga kumwua kwa sumu. Eduardo Mondlane wa Msumbiji aliuawa Dar es Salaam kwa bomu tarehe 3 Februari 1969. Amilcar Cabral alipigwa risasi mjini Conakry mwezi wa Januari 1973. Mwaka uliofuata, 1974, Mtanzania Elvis Musiba alitoa Kufa na Kupona, ambamo jasusi Willy Gamba anatafuta karatasi za siri za wapigania uhuru zilizoibwa. Wala Musiba hakwenda mbali kutafuta kisa: Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake papo hapo Dar es Salaam.

Waona, basi, jambo lililo chini ya michezo hii ya bastola. Lumumba, Mondlane na Cabral walikufa. Gamba na Kamba hushinda. Riwaya ilitupa ushindi ambao historia ilitunyima, kama vile ilivyowapa Waingereza milki iliyokwisha waponyoka.

Lakini faraja isikufanye usahau njia nyingine. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilipotwaa ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu, Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu ya watu, wanaume kwa wanawake, wakatoka Machakos wakaenda Nairobi, wakakaa huko majuma kadhaa wakidai haki. Mbingu alikamatwa akapelekwa Lamu, lakini serikali ikalazimika kuacha kuwatwaa ng'ombe hao kwa nguvu. Hapakuwa na nambari wala bastola. Palikuwa na miguu mingi.

Basi, ukishika tena kitabu cha jasusi, usiulize tu kama atapona. Uliza anamtumikia nani, na watu wake wanaogopa nini. Hapo utakuwa umeanza kusoma historia.