Lugha na Mpaka: Watu wa Vanga na Bonde la Mto Umba

Utangulizi

Mto Umba huanzia katika milima ya Usambara, hupita katika nyika kavu iliyo kaskazini ya milima hiyo, kisha huvuka na kuingia Kenya, na kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na mji wa Vanga. Chanzo chake kiko Tanzania na mlango wake uko Kenya. Hali ya watu waishio kandokando yake haitofautiani sana na hali ya mto wenyewe. Kaskazini wako wakazi wa Lungalunga na Vanga katika Kaunti ya Kwale. Kusini wako wakazi wa Horohoro, Jasini na vijiji vingine vya Wilaya ya Mkinga, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Muheza. Swali linalohusu wanaisimu ni hili: je, mpaka wa kisiasa huigawa lugha? Wengi hujibu kwa haraka kwamba huigawa. Historia ya eneo hili inadai jibu lenye uangalifu zaidi.

Watu kabla ya mpaka

Makundi matatu yanahusika zaidi. La kwanza ni Wadigo, mmojawapo wa watu wa Mijikenda, ambao leo wako pande zote mbili za mpaka. La pili ni Wavumba, Waswahili ambao mji wao wa kale, Vumba Kuu, ni magofu yaliyo karibu na Vanga, na ambao walienea hadi kisiwa cha Wasini. La tatu ni Wasegeju. Hao wametajwa na Wareno mapema sana: mwaka 1589 waliwasaidia watu wa Malindi dhidi ya Wazimba.

Simulizi alizozikusanya A. C. Hollis na kuzichapisha mwaka 1900 zinaeleza jinsi Wavumba walivyoshirikiana na Wasegeju kuishinda miji mingine ya pwani hiyo, na jinsi utawala wa Diwani wa Vumba ulivyotegemea maafikiano na majirani. Kwa hiyo, mji wa Vumba haukuwa kisiwa cha Waswahili katikati ya wageni. Ulikuwa kitovu cha mahusiano ya watu wenye lugha mbalimbali.

Lugha zenyewe zinathibitisha jambo hilo. Kiswahili na Kidigo ni ndugu katika kundi la Sabaki, pamoja na Kipokomo na lugha za Komoro. Kidhaiso, lugha ya asili ya Wasegeju, ni ya ukoo mwingine: imekaribiana na Kikamba na Kikikuyu. Masalia yake yamehifadhiwa Bwiti, chini ya milima ya Usambara, ilhali Wasegeju wa pwani walikwisha kuhamia Kidigo na Kiswahili. Hivyo basi, kuhama lugha hakukuletwa na mstari wa Wazungu. Ni mwenendo wa kale katika bonde hili.

Mstari wa 1886

Tarehe 1 Novemba 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kuigawa nchi kwa mstari ulioanzia mlango wa Mto Umba kuelekea Ziwa Jipe. Mkataba wa 1890 uliuthibitisha mgawanyo huo. Ukanda wa pwani uliokuwa chini ya Sultani wa Unguja nao ukatengana: sehemu ya kusini ilinunuliwa na Ujerumani, na ile ya kaskazini ikabaki milki ya Sultani chini ya ulinzi wa Uingereza hadi mwaka 1963. Januari 1915 majeshi ya pande mbili yalipigana Jasini, na wenyeji wakajikuta katika medani ya vita isiyokuwa yao.

Hata hivyo, athari kubwa zaidi katika lugha ilitokea mezani. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi. Uamuzi huo ulihusu nchi zote mbili kwa pamoja. Kwa maneno mengine, jambo lililokidunisha Kivumba ni usanifishaji, nao ulivuka mpaka bila pasi.

Kivumba na hukumu ya usanifu

Mfano mmoja unatosha. Wenyeji huita lugha zao Chichifundi na Chidigo. Hapo penye *ki-* katika Kiswahili Sanifu, wao wana *chi-*. Sikio lililozoea shule husikia kosa. Lakini Kiswahili Sanifu chenyewe hutumia *ch-* mbele ya irabu nyingi: chakula, chombo, changu. Kinachoonekana kuwa upotofu ni kanuni ileile iliyopanuliwa uwanja wake. Mwanafunzi wa Vanga akiandika *chi-* katika insha ya mtihani, ni haki asahihishwe. Si haki aambiwe kwamba bibi yake anasema lugha mbovu.

H. E. Lambert alichapisha maelezo ya Kivumba mwaka 1957 na ya Chichifundi mwaka 1958. Kazi hizo ni za thamani, ingawa ni fupi kuliko mahitaji ya lahaja hizo.

Msamiati wa dola mbili

Je, mpaka haukufanya lolote? Ulifanya, lakini katika msamiati wa utawala. Tanganyika ilifuta uchifu mwaka 1963, na baadaye vijiji vya ujamaa vikaleta mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wa kata. Kenya ilibakiza chifu na naibu wake, na Katiba ya 2010 ikaongeza gavana na kaunti. Mdigo wa Horohoro na binamu yake wa Lungalunga wanaelewana kikamilifu juu ya mvua, nazi na arusi. Wanapozungumzia ofisi, kila mmoja ana kamusi yake. Kufungwa kwa mpaka tangu 1977 hadi 1983 kuliifanya tofauti hiyo ihisiwe hata na jamaa wa karibu.

Aidha, dola huamua nani ni mwenyeji. Wamakonde wa Kwale, waliotoka kusini kufanya kazi mashambani, walitambuliwa na serikali ya Kenya mwaka 2016, na Wapemba wa pwani ya Kenya mwaka 2023, baada ya vizazi kadhaa vya kuishi bila vitambulisho. Kiswahili walikijua siku zote. Ujuzi huo haukuwapa uraia.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba lahaja za bonde la Umba zinafifia kwa sababu zilizo ndani ya siasa ya lugha, wala si kwa sababu ya alama za mpaka peke yake. Tofauti hii ina maana kwa utafiti. Kama mpaka ndio uliokuwa na hatia, watafiti wangeweza kulalamika tu. Kwa kuwa hatia ni ya usanifishaji, vyuo vya pande zote mbili, ambavyo vimenufaika nao, vina deni. Deni hilo hulipwa kwa kurekodi masimulizi ya wazee wa Vanga, Wasini, Jasini na Bwiti, na kutunga kamusi na sarufi zao wakati wasemaji wangali hai.