Kabla Hamjapanda Basi la Ziara: Historia ya Miti Midogo ya Matufaha

 

Msimu huu vikundi vingi vinachanga nauli kwenda kutembelea bustani za matunda za wenzao. Ni jambo zuri. Lakini tunaona pia kinachofuata. Watu wanarudi na picha kwenye simu, wengine wanarudi na miche ndani ya boksi, na baada ya miaka mitatu shamba la mgeni halifanani kabisa na lile alilokwenda kulitazama. Wanaanza kulalamikia udongo, mbolea au mvua. Mara nyingi tatizo lilianzia siku ile ya ziara, kwa swali ambalo halikuulizwa.

Leo nitawapa historia. Ni ya wakulima wa matufaha (wengi tunaita maepo) wa Uingereza, Marekani na Uholanzi. Nimewachagua kwa sababu wametembeleana kwa miaka mingi, wamepata faida kubwa na hasara kubwa, na yote mawili yana funzo kwetu.

Mkulima huamini shamba la mwenzake

Mwaka 1903, huko Terrell, Texas, alikuwepo mtaalamu wa kilimo mwenye umri mkubwa, Seaman Knapp. Wakati huo mdudu anayeshambulia vitumba vya pamba alikuwa akiwatisha wakulima wa jimbo hilo. Serikali ilikuwa na mashamba yake ya majaribio, lakini Knapp aliona kwamba mkulima wa kawaida akiyatazama husema, "Hiyo ni hela ya serikali." Akataka shamba la mtu wa palepale, analilima mwenyewe kwa mikono na fedha zake. Aliyekubali ni Walter Porter.

Wafanyabiashara, hapa sikilizeni vizuri. Watu wa mji ule walichanga mfuko wa dhamana, ili Porter akipata hasara kwa kufuata njia mpya, alipwe. Walijua mkulima akianguka, duka nalo linafungwa. Porter alipata faida na mfuko haukuguswa. Mwaka 1914 Marekani ikapitisha sheria ya kuunganisha vyuo vya kilimo na maafisa ugani wa wilaya, na siku za wakulima kukutana shambani zikawa jambo la kawaida. Shamba darasa letu la leo ni ndugu wa shamba la Porter.

Jina moja, miti tofauti

Sasa twende kwenye matunda. Mti wa tufaha wa kibiashara ni miti miwili iliyounganishwa. Juu kuna kikonyo cha aina tunayoitaka sokoni. Chini kuna mche wenye mizizi, ule uliobebeshwa. Tunda linatokana na wa juu, lakini ukubwa wa mti, muda wa kuanza kuzaa na uwezo wa kuvumilia baadhi ya magonjwa hutegemea sana ule wa chini.

Ulaya walijua kwa karne nyingi kwamba ipo miche ya chini inayoufanya mti ubaki mfupi. Waliiita Paradise. Tatizo lilikuwa jina. Kitalu hiki kiliuza Paradise, na kile kiliuza Paradise, lakini mkulima akipanda, mti mmoja unabaki mfupi na mwingine unapaa kama mvule.

Mwaka 1913 kituo cha utafiti kilianzishwa East Malling, katika jimbo la Kent, Uingereza, eneo la wakulima wengi wa matunda. Ronald Hatton na wenzake walikusanya miche hiyo kutoka vitalu mbalimbali, wakaipanda pamoja na kuilinganisha. Wakakuta vurugu tupu: mimea tofauti ikiitwa jina moja, na mmea mmoja ukiitwa majina mengi. Wakayatupa majina na kuweka namba. Namba 9, inayojulikana sasa kama M9, ilikuwa mche wa Kifaransa uliokuwa ukiitwa Jaune de Metz. Mti uliobebeshwa juu ya M9 hubaki mfupi kiasi cha kuvunwa kwa ngazi fupi au bila ngazi, na huanza kuzaa mapema, mwaka wa pili au wa tatu.

Kazi ile haikugundua mti mpya. Iliweka ukweli kwenye lebo, na bila lebo ya kweli ziara isingekuwa na faida. Unaweza kuona mti mzuri kwa jirani, lakini usipoweza kununua mche uleule, umetazama tu.

Michigan, 1958

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakulima wengi wa Marekani walikuwa bado na miti mikubwa iliyobebeshwa juu ya miche ya mbegu. Mti wa namna hiyo huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa vizuri, na kuupogoa, kuupulizia dawa na kuuvuna ni kazi ya ngazi ndefu. Vibarua wakipungua, mwenye shamba anabaki anatazama matunda yakianguka.

Katika jimbo la Michigan, Robert Carlson wa chuo kikuu cha jimbo alikuwa akiijaribu miche ya East Malling. Mwaka 1958 wakulima na wataalamu wakaanzisha chama cha miti mifupi ya matunda. Baadaye kikawa cha kimataifa, na leo kinaitwa International Fruit Tree Association. Huwa na mkutano wakati wa baridi na ziara ya mafunzo wakati wa joto, kwa kawaida mwezi Julai.

Kwa nini Julai? Wakati wa baridi mti hauna majani, na mgeni huona matawi na namna ya kupogoa. Julai matunda yako mtini. Matunda machanga ambayo mti huyaangusha wenyewe yamekwisha kuanguka, kwa hiyo mzigo unaoonekana ni mzigo wa kweli. Unaona tawi gani limezidiwa, upande gani hauna mwanga na mstari gani umenyauka. Na kwa aina nyingi mavuno hayajaanza, hivyo mwenyeji ana nafasi ya kusimama na wageni.

Basi linasimama, watu wanashuka na kuingia kati ya mistari. Mwenye shamba anataja aina, mche wa chini, mwaka wa kupanda, nafasi, mavuno na gharama. Kisha wageni wanamhoji. Hilo la gharama na kuhoji ndilo linaloitofautisha ziara na matembezi.

Hesabu iliyowavutia

Kufikia miaka ya 1960, Waholanzi walikuwa wakipanda M9 kwa kubanana na kuufanya kila mti uwe mwembamba kama pia iliyosimama. Njia hiyo ikaenea Ulaya. Wageni kutoka Amerika walikwenda kuitazama na kurudi wakiwa na hamu.

Tazama hesabu yake. Miti mikubwa ikipandwa futi 40 kwa 40, ekari moja hubeba miti 27. Miti mifupi ikipandwa futi 3 kwa 12, ekari ileile hubeba miti 1,210. Mkulima anayesubiri miaka minane ili deni lake lianze kulipika akisikia "mwaka wa tatu unauza," ni lazima masikio yasimame.

Lakini igeuze hesabu hiyo upande wa pili. Tuseme kwa mfano tu mche mmoja ni shilingi 5,000. Miti 27 ni shilingi 135,000. Miti 1,210 ni shilingi 6,050,000, na hujanunua nguzo wala waya. M9 ina mizizi dhaifu, na mti wenye mzigo usipofungwa kwenye nguzo huanguka. Pia mizizi hiyo haivumilii ukame kama ya mti mkubwa, kwa hiyo ongeza maji ya kumwagilia. Gharama zote hizi zinakuja kabla hujauza hata tunda moja.

Mei 2000

Upo ugonjwa wa bakteria ambao hufanya maua na matawi ya tufaha yaonekane kama yamebabuliwa na moto. Huingia kupitia maua au majeraha wakati wa joto na unyevunyevu, kisha huteremka ndani ya mti. Mti mkubwa wa zamani ukiugua, mara nyingi hupoteza matawi ukabaki hai. Lakini M9, na ndugu yake M26, ni dhaifu sana kwa ugonjwa huu. Ukifika kwenye mche wa chini, mti wote unakufa.

Mwezi Mei mwaka 2000, hali ya hewa ya joto na mvua ililikuta eneo la kusini-magharibi mwa Michigan likiwa na bustani nyingi za namna hiyo. Juu zilibebeshwa aina zilizopendwa sokoni ambazo nazo hazina kinga, ikiwemo Gala. Miti iliyokufa ilihesabiwa kwa mamia ya maelfu, na hasara ikawa mamilioni ya dola. Bustani zilizokuwa zikisifiwa zikang'olewa.

Haikuwa siri kwamba M9 ina udhaifu huo. Kule Geneva, New York, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walikuwa wameanza tangu 1968 kuzalisha miche ya chini mifupi na yenye kinga. Waliipaka miche michanga vijidudu vya ugonjwa kwa makusudi, iliyokufa wakaitupa, na iliyobaki wakaendelea nayo. Na tangu miaka ya 1970 vyuo vya majimbo mengi vilikubaliana kupanda miche ileile ya chini sehemu tofauti na kuandika mavuno na vifo kwa takribani miaka kumi kabla ya kushauri. Taarifa ilikuwepo. Ila taarifa ya kufa kwa mti haionekani kwa macho siku mti unapopendeza.

Hapo ndipo penye kiini cha somo la leo. Ziara hukuonyesha mti ukiwa hai katika mwaka mzuri. Mwaka mbaya lazima uuulize kwa mdomo.

Kwetu hapa

Haya si ya matufaha ya Lushoto na Njombe peke yake. Parachichi na embe tunazonunua vitaluni nazo zimebebeshwa. Tunauliza "Ni Hass?" na muuzaji anajibu "Ni Hass," tunalipa. Hilo ni jina la juu tu. Kwa parachichi, ugonjwa wa kuoza mizizi kwenye udongo unaotuamisha maji huanzia chini, na California na Afrika Kusini wamehangaika kwa miaka mingi kutafuta miche ya chini inayoustahimili. Hass yako inaweza kuwa halali kabisa na bado ikafa.

Basi kikundi chenu kikienda ziara, gawaneni maswali haya, kila mtu na lake, na mmoja aandike majibu:

1. Mche wa chini ni upi, na ulinunuliwa kitalu gani? Tunaweza kuupata uleule?
2. Mlipanda mwaka gani, na ni miti mingapi imekufa tangu hapo? Ilikufa kwa nini?
3. Tuonyesheni sehemu mbaya ya shamba. (Mwenyeji mkweli hatakasirika.)
4. Maji yanatoka wapi mwezi wa ukame kuliko yote?
5. Mlitumia kiasi gani kabla ya kuuza tunda la kwanza?
6. Nani ananunua, kwa kilo au kwa tenga, na mwaka jana alikataa matunda kiasi gani?
7. Kama mngeanza upya leo, mngebadilisha nini?

Mkirudi, msipande ekari nzima. Pandeni mistari miwili kwa mmoja wenu, udongo wa palepale kijijini, na wengine mje kutazama kila msimu kwa miaka mitatu. Mkiweza, changeni kidogo kumlinda huyo mwenzenu asibebe hasara peke yake, kama walivyofanya watu wa Terrell. Ndugu wafanyabiashara, mchango wenu hapo si sadaka. Matunda hayo ndiyo mtakayopakia kwenye gari kesho.

Na mwenye kitalu, andika lebo yenye majina mawili, la juu na la chini, pamoja na tarehe ya kubebesha. Mteja anayejua alichonunua hurudi kununua tena.

Wenye safari, nawatakia safari njema. Mkifika, inameni mtazame pale mche ulipobebeshwa kabla ya kuinua macho kutazama matunda.