Vitenzi Vinavyokumbuka: Historia ya Kiromania kwa Mtu Anayejifunza

Wiki hii zamu ni yangu, na nimechagua Kiromania. Najua mtu atauliza, Kiromania cha nini? Jibu la kwanza ni kwamba mwaka 2008 mji wa Timișoara ulifunguliwa kituo cha wakimbizi wanaopita, cha kwanza cha aina yake duniani, kwa makubaliano ya serikali ya Romania, UNHCR na IOM. Watu wanaotolewa haraka kwenye hatari wanakaa pale kwa muda, halafu wanapelekwa nchi ya tatu. Kwa hiyo lugha hii imeshasikika masikioni mwa watu kama sisi. Jibu la pili ni kwamba historia ya vitenzi vyake ina neno la kutuambia kuhusu nani ni mwenyeji na nani ni mgeni.

Tuanze na lugha yetu. Tunasema kusoma, ninasoma. Ile "ku" inaondoka. Lakini kula inakuwa ninakula, na kunywa inakuwa ninakunywa. "Ku" imegoma kutoka. Na ukimwita mtu humwambii "ja", unamwambia "njoo". Hakuna mtoto anayefundishwa sababu, anakua nayo tu. Haya ni maneno ya zamani sana ya Kibantu, tena ya kila siku: kula, kunywa, kuja, kufa.

Kiromania ni vilevile. Kitenzi cha kawaida ni kama a cânta, kuimba: cânt, cânți, cântă, cântăm, cântați, cântă. Mimi, wewe, yeye, sisi, nyinyi, wao. Shina karibu halitikisiki, ila t inakuwa ț kwa "wewe"; mwisho ndio unabadilika. Sasa angalia a bea, kunywa: beau, bei, bea, bem, beți, beau. A lua, kuchukua: iau, iei, ia, luăm, luați, iau. Hapo herufi ya kwanza imepotea halafu imerudi! A mânca, kula, inakuwa mănânc kwa "mimi" lakini mâncăm kwa "sisi". Na ukimwita mtu unamwambia "vino", neno ambalo halifuati kanuni, kama njoo yetu.

Mwanafunzi anaona fujo. Kumbe ni umri. Kaisari Trajan wa Roma aliiteka Dacia mwaka 106, na Kaisari Aurelian akaondoa majeshi na watawala wake katika miaka ya 270. Utawala uliondoka, lakini Kilatini cha mtaani hakikufa upande huo wa Ulaya. Kiliendelea midomoni mwa wakulima na wachungaji kwa karne nyingi bila shule. Neno linalotumika kila siku halina nafasi ya kunyooshwa, kwa sababu mtoto analishika kabla hajajua kanuni yoyote. Ndiyo maana karibu vitenzi vyote vigumu vya Kiromania, kuwa, kuwa na, kutoa, kusimama, kunywa, kuchukua, vimetoka Kilatini moja kwa moja.

Halafu wakaja majirani. Waslavi walikaa karibu na watu hawa, wakaoana, wakasali pamoja, na maneno yao yakaingia. A iubi, kupenda, lina asili ya Kislavi. A trăi, kuishi, vilevile. A munci, kufanya kazi, limetoka kwenye neno la Kislavi la mateso, na waliowahi kubeba matofali juani hawatashangaa. Sasa lugha ilifanya nini na wageni hawa? Iliwapa kanuni. Wengi waliingia kwenye kundi la -esc: iubesc, iubești, iubește, iubim, iubiți, iubesc. Baadaye, karne ya 19, yalipoingia maneno mengi ya Kifaransa, mengi yakapewa kundi la -ez. Kupiga simu ni telefonez, telefonezi, telefonează.

Na sisi ni hivyohivyo. Kusafiri, kusamehe na kujibu yametoka Kiarabu. Tunasema sisomi, lakini sisafiri, bila kugusa mwisho wake. Mgeni ameruhusiwa kubaki na sura yake, na hakuna anayesema kusamehe si Kiswahili.

Hapa ndipo siasa inaingia. Barua ya zamani kuliko zote iliyobaki ya Kiromania yenye mwaka unaojulikana ni ya 1521. Mtu aitwaye Neacșu wa Câmpulung alimwandikia mkuu wa mji wa Brașov kumtahadharisha kuhusu nyendo za jeshi la Waturuki kwenye mto Danube. Yaani ni ujumbe wa usalama, kama ile tunayotumiana sisi. Iliandikwa kwa herufi za Kisirili, ndugu wa herufi za Kirusi.

Brașov iko Transilvania. Huko, tangu 1438, mapatano yaliyatambua makundi matatu tu: wakuu wa Kihungaria, Waszekler, na Wajerumani walioitwa Wasaksoni. Waromania, ingawa walikuwa wengi, hawakuhesabiwa, na baadaye dini yao ya Orthodox ikaitwa dini "inayovumiliwa" tu. Kuvumiliwa, ndugu zangu, tunajua ladha yake. Upo, lakini karatasi haikutambui.

Basi mapadri wawili wasomi, Samuil Micu na Gheorghe Șincai, wakatoa kitabu cha sarufi mjini Vienna mwaka 1780. Waliandika Kiromania kwa herufi za Kilatini na kuonyesha vitenzi vyake vimetoka wapi. Ilikuwa hoja: sisi tuna asili, hatukuokotwa njiani. Mwaka 1791 viongozi wa Waromania wakampelekea Kaisari Leopold wa Pili ombi la haki lililoitwa Supplex Libellus Valachorum. Bunge la Transilvania likalikataa. Lakini hoja ilibaki, na katika miaka ya 1860 herufi za Kilatini zikawa rasmi huko Romania.

Ila hadithi haikuishia kwa wema mtupu. Baadhi ya wasomi waliofuata walitaka lugha iwe safi. Laurian na Massim, katika kamusi yao kubwa ya miaka ya 1870, walijaribu kuyatoa maneno yenye asili ya Kislavi. Watu waliochoka kuitwa wageni sasa walikuwa wanaita maneno ya jirani wageni! Watu wakaicheka kamusi hiyo. Nani angeacha kumwambia mpenzi wake "te iubesc" kwa sababu neno limetoka kwa jirani? Neno lilibaki, na hadi leo ndilo la upendo.

Hata "mimi ni" limegombaniwa. Vitabu vya zamani vinaandika sînt. Wapenda Kilatini wakaweka sunt. Mwaka 1953, chini ya serikali ya kikomunisti, ikarudishwa sînt, na mwaka 1993 Akademia ya Romania ikarudisha sunt.

Kwa anayetaka kujifunza, ushauri wangu ni huu. Anza na vigumu viwili: a fi, kuwa (sunt, ești, este, suntem, sunteți, sunt), na a avea, kuwa na (am, ai, are, avem, aveți, au). Vishike kwa mdomo, usitafute kanuni. Kisha shika -esc na -ez, vitakufungulia mamia ya vitenzi.

Na anayekuambia lugha au nchi ni ya waliotangulia peke yao, mwonyeshe sarufi. Wazee wamekaa na mikunjo yao, wageni wamepewa utaratibu, na sentensi moja inawahitaji wote.

Sasa ni zamu yenu. Kirundi, Kibembe, Kifuliru, Kisomali: kitenzi gani kwenu kinagoma kufuata kanuni? Andikeni hapo chini, tuvikusanye.