Kujua Mahali Ulipo

Tangu binadamu alipoanza kusafiri mbali na kwao, swali moja limemwandama: Niko wapi? Nahodha wa jahazi alilijibu kwa nyota na dira. Mchungaji alilijibu kwa vilima, mito na miti aliyoizoea tangu utoto. Majibu hayo yalikuwa mema, walakini yalikuwa na mpaka wake. Ukungu ukishuka, nyota hujificha na vilima hutoweka, na msafiri hubaki kama kipofu katika nyumba asiyoijua.

Leo mpanda mlima aweza kuchukua mkononi chombo kidogo kiitwacho GPS, nacho humwambia mahali alipo hata katika ukungu. Historia ya chombo hiki yastahili kusomwa, msomaji, maana yatufundisha kuwa jambo kubwa huweza kuzaliwa kwa kuligeuza swali.

Tarehe 4 Oktoba 1957 Warusi walirusha Sputnik, setilaiti ya kwanza iliyofanyizwa na binadamu. Iliizunguka dunia ikitoa mlio wa redio. Katika maabara moja ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, wataalamu wawili, William Guier na George Weiffenbach, waliusikiliza mlio huo wakatambua kuwa ulibadilika kadiri setilaiti ilivyokaribia na ilivyokwenda mbali. Bila shaka umepata kusikia mfano wake barabarani: honi ya gari lijalo kwa kasi huwa na sauti ya juu, na likiisha kukupita sauti hushuka. Kwa kupima mabadiliko hayo wataalamu wale waliweza kuijua njia ya Sputnik angani, hali wao wenyewe wameketi mahali pamoja.

Mwaka 1958 mwenzao mkubwa, Frank McClure, aliligeuza swali. Ikiwa mtu ajuaye mahali alipo aweza kuijua njia ya setilaiti, je, aijuaye njia ya setilaiti hawezi kujua mahali alipo? Naam, aweza. Kwa fikira hiyo ukazaliwa mpango wa Transit, wa kuziongoza nyambizi za Marekani. Ulifaa, lakini ilibidi kungoja mpaka setilaiti ipite. Kwa hiyo mwaka 1973 mpango mpya wa GPS uliidhinishwa, na setilaiti yake ya kwanza ikarushwa mwaka 1978.

Setilaiti hizi huzunguka kiasi cha kilomita 20,200 juu ya dunia, na kila moja ina saa yenye usahihi wa ajabu. Hutangaza wakati na mahali zilipo, na ishara zake husafiri kwa mwendo wa nuru, yaani karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Chombo chako hupima jinsi ishara ilivyokawia njiani, kikapata umbali. Nacho kikipata ishara za setilaiti nne hujua mahali ulipo. Saa ikikosea kwa sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, umbali hukosewa kwa mita 300.

Mpango huu ulikuwa wa kijeshi. Msiba mmoja ndio uliosaidia kuufungulia watu wote mlango. Tarehe 1 Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea ya Kusini ilipotea njia ikaingia anga ya Kisovieti, nayo ikatunguliwa. Watu 269 walikufa. Mwezi huo huo serikali ya Rais Reagan ilitangaza kuwa GPS, itakapokamilika, itakuwa wazi kwa ndege za kiraia. Hata hivyo ishara za raia zilitiwa kasoro kwa makusudi, hata mtu aliweza kukosea kiasi cha mita 100. Kasoro hiyo iliondolewa Mei 2000.

Sasa fikiri kwamba waupanda Mlima Kenya, kwenda Kilele cha Lenana, mita 4,985 juu ya bahari. Kabla ya kuondoka langoni, simama mahali peupe, ngoja chombo kizipate setilaiti, kisha hifadhi mahali hapo ndani yake. Usiku au ukungu ukikukuta, mshale wake utakuelekeza ulikotoka. Lakini tahadhari! Mshale huelekeza moja kwa moja. Haujui kuwa mbele yako pana genge, kama yalivyo magenge ya upande wa Chogoria. Msitu mnene hudhoofisha ishara, na baridi ya mlimani humaliza betri upesi. Kwa hiyo chukua pia ramani na dira, na umsikilize mwongozaji aujuaye mlima.

Chombo hiki hujibu swali moja tu, nalo ni mahali ulipo. Kama yafaa kuendelea mbele au kurudi, hilo ni juu ya akili yako, na hapana setilaiti iwezayo kukuamulia.