Mkojo wa siku ya 17

Ulikuwa mkojo wa saa 24, wa watu wazima na watoto, umechanganywa pamoja na kupelekwa maabara ya Los Alamos, Marekani. Wenyewe walikuwa wakazi wa Rongelap, mojawapo ya Visiwa vya Marshall katika Bahari ya Pasifiki, waliohamishiwa kituo cha jeshi cha Kwajalein. Ilikuwa Machi 1954, siku ya 17 hivi tangu Wamarekani walipue bomu la nyuklia la Bravo kwenye kisiwa cha Bikini. Hesabu zote kuu za mionzi iliyoingia shingoni mwa watoto wa Rongelap zimeegemea mkojo huo.

Bravo lililipuliwa asubuhi ya Machi 1. Lilitarajiwa kutoa nguvu ya megatani 6 hivi, likatoa 15. Saa chache baadaye majivu meupe ya matumbawe yaliyoungua yakaanguka Rongelap. Watoto waliyachezea, wakajipaka mwilini. Maji ya kunywa yakageuka manjano, na watu wakayanywa. Askari 28 wa Kimarekani waliokuwa kisiwa jirani cha Rongerik waliondolewa kwanza. Wanakijiji wa Rongelap walifuatwa siku mbili baada ya mlipuko.

Msomaji aliyezoea chumvi yenye madini joto anajua kuwa mwili una uchu wa madini hayo, ambayo ndiyo ayodini. Tezi dundumio, iliyokaa shingoni kama kipepeo, huyanyakua kutoka kwenye damu bila kuuliza yametoka kwenye chumvi au kwenye bomu. Tezi ya mtu mzima ina uzito wa gramu 20 hivi, ya mtoto wa mwaka mmoja haifiki hata gramu 3. Ayodini ileile ikiingia katika kijitezi hicho, kila gramu hupigwa na mionzi mingi zaidi.

Sasa rudi kwenye ule mkojo. Ayodini-131, aina mojawapo ya ayodini ya bomu, hupungua nusu kila baada ya siku 8, kwa hiyo siku ya 17 ilikuwa imebaki chini ya robo. Ayodini-133 hupungua nusu kwa saa 21 tu, nayo ilikuwa imekwisha kabisa. Na ayodini za maisha mafupi kama hiyo ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya dozi! Tena waliotoa mkojo wengi walikuwa watu wazima. Hakuna mtoto aliyewekewa kipimo shingoni. Dozi yake ilibidi ikisiwe kutoka kwa wazazi wake, kama kukadiria karamu kwa kutazama makombo.

Kwa mtu mzima wanasayansi walipata rad 160 hivi (rad ni kipimo cha dozi ya mionzi) za ayodini, na mambo yakatulia. Kisha mwaka 1963, katika ukaguzi wa kila mwaka wa timu ya Dkt. Robert Conard wa maabara ya Brookhaven, msichana wa miaka 12 akakutwa na uvimbe kwenye tezi. Mwaka uliofuata mtafiti Ralph James akapiga hesabu ya watoto peke yao: rad 700 hadi 1,400 kwa wa miaka mitatu au minne. Kwa maoni yangu, kuchelewa huko ndiko kunakouma zaidi katika kisa hiki: ugonjwa ulitangulia, hesabu ikaufuata nyuma. Kati ya watoto 19 waliokuwa chini ya miaka 10 kijijini siku ile, 17 walipata kasoro za tezi. Wavulana wawili walidumaa kwa sababu tezi zao zilikufa.

Mwaka 1985 Edward Lessard na wenzake wa Brookhaven walitoa hesabu mpya. Walitumia uchunguzi wa Wajapani juu ya majivu yaliyoangukia mashua ya wavuvi ya Fukuryu Maru, ambayo nayo ilikutwa baharini siku ile. Wakaona hewa peke yake isingeweza kueleza ayodini iliyokuwa kwenye mkojo, kwa hiyo lazima watu walikula majivu pamoja na chakula kilichoandaliwa nje. Mtu mzima akapanda hadi rad 1,000 hivi, na mtoto wa mwaka mmoja hadi 5,000. Mwaka 2010 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilimshusha mtu mzima hadi 760, mtoto akibaki juu yake mara kadhaa.

Wanakijiji walikuwa wamerudishwa kwao mwaka 1957, wakiambiwa ni salama. Lakini Mei 1985 walibomoa nyumba zao, wakapakia mbao na mabati kwenye Rainbow Warrior, meli ya Greenpeace, wakahamia kisiwa cha Mejatto, wengine wakiwa na kovu la upasuaji kooni.