Msamaha

Msamaha ni uamuzi wa mtu aliyekosewa kuliacha dai la kisasi, na kuacha kumtazama aliyemkosea kana kwamba kosa lile ndilo utu wake wote. Anayesamehe hasemi kwamba kosa halikutendeka; jambo lisilo kosa halina cha kusamehewa. Wala halazimiki kurudisha urafiki wa zamani, kwani maridhiano huhitaji watu wawili, na msamaha unaweza kuanza na mmoja.

Neno lenyewe liliingia Kiswahili kutoka Kiarabu, ambako shina lake hubeba maana ya ukarimu na ya kuruhusu. Waswahili huomba radhi, hutaka waachiliwe, na Mwislamu anayejiandaa kwenda Hija huwazungukia jamaa na majirani akiwaomba wamsamehe kabla hajaondoka. Kirundi, lugha inayozungumzwa zaidi katika mtaa wa Carama mjini Bujumbura, Burundi, kina kubabarira. Ndani ya neno hilo mna kubabara, yaani kuumia au kuhuzunika, lililotiwa mnyambuliko wa kutendea, kama vile Kiswahili kinavyotoa kulilia katika kulia. Kwa umbo lake, basi, neno la Warundi limeshaweka maumivu upande wa anayesamehe. Ufafanuzi huo una uzito kuliko maelezo mengi ya vitabuni.

Carama ni mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura, katika kanda ya Kinama, tarafa ya Ntahangwa. Upande huo wa mji una pia Kamenge, Cibitoke na Ngagara, majina yasiyohitaji maelezo kwa Mrundi aliyeishi miaka ya 1990. Rais Melchior Ndadaye alipouawa tarehe 21 Oktoba 1993, vita vilianza, na mitaa ya kaskazini ikagawanyika kikabila: Kamenge na Kinama zikawa za Wahutu, Ngagara na Cibitoke zikawa za Watutsi. Kuvuka barabara tu kuliweza kumgharimu mtu maisha. Leo watu huvuka. Wanakutana sokoni, kwenye bomba la maji, shuleni kwa watoto, na si kila mmoja anajua jirani yake alikuwa wapi mwaka ule, au alimzika nani. Katika mazingira hayo msamaha si somo la mahubiri peke yake. Ni suala la namna ya kuishi ukuta kwa ukuta.

Kituo cha vijana cha Centre Jeunes Kamenge, kilichoanzishwa na wamisionari Waksaveri mwanzoni mwa miaka ya 1990, kilichagua njia isiyo na hotuba nyingi. Kiliwakutanisha vijana wa mitaa hiyo ya kaskazini uwanjani, maktabani na katika mafunzo, wakati ambapo wazazi wao walikuwa wakiogopana. Mwaka 2002 kilipewa Tuzo ya Right Livelihood.

Njia ya zamani zaidi ni ile ya bashingantahe, wazee wenye heshima ambao jina lao linatokana na kusimika intahe, fimbo ya haki. Shauri lilisikilizwa hadharani. Kila upande ulisema yake, mashahidi wakaitwa, mkosaji akaelezwa kosa lake na fidia yake, na ndipo wagombanao wakanywa pombe pamoja, kila mmoja na mrija wake katika chungu kimoja. Utaratibu huo unafaa kutazamwa vizuri. Chungu kilikuja mwisho. Hakuna aliyeambiwa anywe kwanza kisha ukweli utafutwe baadaye, na aliyekataa mrija alijulisha wote kwamba moyo wake bado. Ubushingantahe ulidhoofishwa na ukoloni, kisha na tawala zilizofuata, lakini hata leo Mrundi akisema juu ya mtu kwamba ni umushingantahe, anamsifu kwa jambo kubwa.

Vita vilileta makosa ambayo chungu kimoja hakikuweza kuyabeba. Mchungaji David Niyonzima wa Kanisa la Marafiki, yaani Waquaker, alikuwa akifundisha Kwibuka, katikati ya nchi, mwaka 1993 wanafunzi wake 8 walipouawa. Baadaye alikutana na mmoja wa waliohusika, akamsamehe, na mwaka 2000 akaanzisha THARS, shirika la kuwatibu watu majeraha ya nafsi. Miaka mitatu baadaye Waquaker wa Burundi na Rwanda walianza mpango wa HROC, wa kuponya na kujenga upya jamii zao. Semina zake huchukua siku tatu na huwakusanya watu wapatao 20, nusu kutoka upande huu na nusu kutoka ule. Hawaanzi na msamaha. Wanaanza kwa kueleza jinsi mshtuko wa vita unavyomfanya mtu asilale, aruke kila mlango unapogongwa, akasirike bila sababu. Kisha kila mmoja husimulia aliyempoteza. Katika zoezi moja mtu hufungwa kitambaa machoni, akaongozwa kwa mkono na mwenzake wa upande wa pili, halafu wakabadilishana. Huenda ndilo zoezi gumu kuliko yote, maana mguu hauwezi kudanganya: ama unakanyaga, ama unasita.

Kwamba msamaha humponya anayesamehe ni dai linalorudiwa sana, nalo ni kweli nusu. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2016 ulihusu watu 2,383 katika vijiji 200 vya Sierra Leone, nchi iliyotoka vitani mwaka 2002. Mahali palipofanyika vikao vya kukiri na kuombana msamaha, watu walisamehe zaidi, wakaaminiana zaidi na kuchangia zaidi kazi za kijiji. Lakini sonona, wasiwasi na dalili za kiwewe ziliongezeka pia, na hali hiyo ilionekana hata miezi 31 baadaye. Jamii ilipata nafuu, na gharama yake ikalipwa na mtu mmoja mmoja, usiku, akiwa peke yake. Neno kubabarira lilikuwa limeshasema hivyo. Anayewahimiza waliofiwa wasamehe ana wajibu wa kurudi kuwajulia hali baada ya kikao kwisha.

Dini zote mbili kubwa za Bujumbura zinauweka msamaha juu ya kisasi. Kurani inakubali malipo yaliyo sawa na ubaya, kisha inamwahidi ujira kwa Mwenyezi Mungu yule anayesamehe na kusuluhisha. Injili inamtaka mtu asihesabu mara. Wakatoliki wa Burundi wana pia kumbukumbu ya Buta, katika uliokuwa mkoa wa Bururi. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 waasi waliingia katika seminari ndogo ya hapo na kuwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Walikataa. Vijana 40 waliuawa. Padri Zacharie Bukuru, aliyekuwa mkuu wa seminari, alikuja kuandika habari zao, na mwaka 2019 Kanisa lilifungua mchakato wa kuwatangaza wenye heri.

Serikali nayo hutoa kitu kinachofanana na msamaha. Mapatano ya amani ya Pretoria ya mwaka 2003 yaliwapa wapiganaji kinga ya muda dhidi ya mashtaka. Kinga huzuia kesi, na pengine bila hiyo bunduki zisingenyamaza, lakini dola haiwezi kusamehe kwa niaba ya mjane. Methali isemayo yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, inafaa kwa ugomvi wa mpaka wa shamba. Kwa aliyenyimwa hata mwili wa baba yake, yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe. Mkataba wa amani wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulilitambua hilo kwa kuagiza iundwe Tume ya Ukweli na Maridhiano, ambayo makamishna wake waliapishwa Desemba 2014, zaidi ya miaka 14 baadaye.

Mwanzoni mwa mwaka 2020 tume hiyo ilifukua makaburi ya halaiki karibu na mto Ruvubu, mkoani Karuzi, na kutangaza kwamba imepata mabaki ya watu 6,032. Nguo, miwani na rozari zilisaidia kuwatambua baadhi ya waliouawa. Jamaa zao, waliongoja tangu mauaji ya mwaka 1972, sasa wanajua wamlilie wapi mtu wao. Wengi wao bado hawajasikia jina la aliyemuua.